Gramu 910 na nyuzijoto 4 chini ya sifuri: uchambuzi wa kisa cha mfuko mmoja wa kulalia

Kisa hiki kinahusu mfuko mmoja wa kulalia, mwepesi, uliojazwa nyuzinyuzi za polyesta, ambao usiku wa kwanza wa safari ya milimani uliniacha nikitetemeka hadi nikaapa kuutupa. Baada ya kuupima, na baada ya kubadilishana vifaa na mwenzangu, nilibaini kuwa nilikuwa nimeubebesha lawama ambayo sehemu yake kubwa haikuwa yake. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wetu hununua mfuko wa aina hii kwa kutazama namba mbili tu, yaani uzito na nyuzijoto zilizoandikwa juu ya kifuko chake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Tulipiga hema moja katika uwanda wa nyasi wenye mwinuko wa mita 3,400 hivi, chini ya mteremko, mahali ambapo kijito kilikuwa karibu na upepo haukufika. Kwa macho palikuwa mahali pazuri, lakini kwa baridi palikuwa pabaya, kwa sababu usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani, hewa iliyogusana nayo hupoa na kuwa nzito, kisha huteremka polepole na kutuama bondeni kama maji. Asubuhi ya kwanza, hatua hamsini juu ya mteremko, nyasi zilikuwa na umande tu. Pale tulipolala zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Hatukuhamisha hema, na hilo lilikuwa la makusudi, ili usiku mmoja uweze kulinganishwa na mwingine.

Mifuko yetu ilikuwa pacha. Tuliinunua siku moja, miaka mitano iliyopita, ikiwa ya muundo uleule na saizi ileile, na kwenye mizani yangu ndogo ya kuning'iniza kila mmoja ulisoma gramu 910. Juu ya kifuko paliandikwa 0 kwa tarakimu kubwa. Ndani, kwenye lebo iliyoshonwa karibu na zipu, kwa herufi ambazo lazima uzisogeze karibu na tochi, palikuwa na namba tatu: 6 kwa usingizi wa raha, 1 kwa kikomo, na 14 chini ya sifuri kwa hali ya hatari kabisa. Nilikuwa nimeumiliki mfuko huo miaka mitano bila kuisoma lebo ya ndani hata mara moja.

Tofauti kati yetu zilikuwa mbili. Dada yangu hupenda kutundika mfuko wake kabatini baada ya kila safari, ukiwa wazi na umening'inia kama kanzu. Wangu ulikaa miaka yote hiyo umeshindiliwa ndani ya kifuko chake kidogo, mikanda imekazwa, juu ya rafu, kwa sababu nilipenda kuona jinsi kitu kizima kinavyoweza kuwa na ukubwa wa tikiti maji dogo. Tofauti ya pili ilikuwa chini ya migongo yetu. Yeye alibeba godoro la upepo lenye unene wa sentimita 7 na tabaka la kuhami joto ndani yake, na mtengenezaji aliliandikia ukinzani wa joto wa R 4.2, kipimo ambacho namba yake ikiwa kubwa zaidi joto huzuiwa zaidi kupotelea ardhini. Mimi nilibeba mkeka wa povu wa milimita 8 wenye uzito wa gramu 150, nikajisifu njiani kwa wepesi wa mzigo wangu.

Usiku wa kwanza anga lilikuwa wazi, na kipimajoto nilichokitundika kwenye kijiti nje, usawa wa mtu aliyelala, kilifika nyuzijoto 4 chini ya sifuri. Ndani ya hema kiwango cha chini kabisa kilikuwa 1 chini ya sifuri. Nililala saa tatu, nikiwa nimevaa nguo nyepesi za mikono mirefu na soksi, na usingizi ulikuja bila shida. Saa saba na nusu niliamshwa na nyonga ya kushoto. Haikuwa baridi ya mwili mzima. Ilikuwa baridi yenye mahali pake, kana kwamba mtu ameniwekea sahani ya chuma chini ya nyonga na nyingine chini ya bega. Niligeuka upande wa pili, nikapata nafuu ya dakika kumi, kisha sahani zikahamia upande huo. Nikafanya kosa ambalo wakati ule niliona ni busara: nikavaa koti langu nene na kurudi nalo ndani ya mfuko, nikafunga zipu hadi kidevuni, nikazika uso ndani ili pumzi yangu inipashe joto.

Koti lilijaza mfuko mwembamba hadi kitambaa kikakaza kwenye mabega. Kilichofuata kilinishangaza, kwa sababu mabega, ambayo hadi hapo yalikuwa na afadhali, yalianza nayo kupoa. Kufikia saa tisa ukosi wa mfuko ulikuwa umelowa kwa pumzi na nilikuwa natetemeka kwa sauti. "Mdogo wangu," dada aliita kutoka gizani, "mbona hema linacheza?" Yeye alikuwa ameamka mara moja tu, na aliamshwa na mimi. Koti lake hakulivaa. Alikuwa amelitandaza juu ya mfuko, kuanzia kifuani hadi magotini, likiwa limefunguliwa kama blanketi.

Asubuhi hukumu yangu ilikuwa tayari: mfuko umechoka, nyuzinyuzi za kiwandani si kitu, na ile sifuri ya kwenye kifuko ni uongo wa wazi. Dada yangu aliuliza swali moja lililoharibu hukumu hiyo. Kama mifuko ni pacha, naye ni mwembamba kuliko mimi na kwa kawaida ndiye anayesikia baridi kwanza, kwa nini yeye alilala?

Kabla sijaeleza tulivyolijibu swali hilo, ni lazima nieleze zile namba tatu za kwenye lebo, maana ndizo zilizonipotosha. Namba za aina hiyo hutokana na kipimo cha maabara ambacho Ulaya ilikianza mwaka 2002 kwa jina la EN 13537 na ambacho tangu mwaka 2016 kinajulikana kama ISO 23537. Sanamu yenye umbo la mtu, iliyojaa vipashajoto na vihisio, huvalishwa nguo ndefu za ndani na soksi, hulazwa ndani ya mfuko katika chumba baridi, kisha hupimwa ni nishati kiasi gani inahitajika ili ngozi yake ibaki na joto lake. Kutokana na matokeo hayo hukokotolewa namba ya raha, ambayo ni ya mwanamke wa kawaida wa kilo 60 na urefu wa mita 1.60 anayelala akiwa amejinyoosha bila kujikunja. Namba ya kikomo ni ya mwanamume wa kawaida anayelala kwa muda wa saa nane akiwa amejikunyata, akikaribia kuanza kuhisi baridi lakini hajaamshwa nayo. Namba ya mwisho haizungumzii usingizi hata kidogo. Inazungumzia saa sita za kubaki hai huku mwili ukiwa katika hatari ya kupoa kupita kiasi, na anayenunua mfuko kwa kuitazama hiyo anajitafutia balaa.

Mambo mawili katika kipimo hicho yanagusa kisa chetu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba sanamu hailazwi juu ya ardhi tupu wala juu ya mkeka wa milimita 8. Hulazwa juu ya godoro linalohami joto vizuri. La pili ni kwamba mfuko unaopimwa ni mpya, haujawahi kukaa rafuni miaka mitano ukiwa umekazwa mikanda. Namba ya lebo, kwa hiyo, ni namba ya mfuko mchanga juu ya godoro zuri, na mimi nilikuwa na mfuko mzee juu ya karatasi. Sifuri iliyochapwa nje haikuwa mojawapo ya zile tatu. Ilikuwa karibu na kikomo, ikiwa imezungushwa kwenda upande unaomfurahisha muuzaji.

Usiku wa pili tulibadilishana magodoro tu. Kila mmoja alibaki na mfuko wake, nguo zilezile, upande uleule wa hema. Nje kipimajoto kilishuka hadi nyuzijoto 3 chini ya sifuri na ndani kilisimama kwenye sifuri, kwa hiyo usiku huu ulikuwa na nafuu ya nyuzijoto 1 tu. Koti langu safari hii nililitandaza juu.

Nililala hadi saa kumi alfajiri bila kugeuka. Baridi iliyoniamsha ilitoka mahali tofauti kabisa: juu ya mapaja, magotini na kwenye vidole vya miguu, na mstari mwembamba wa ubaridi kando ya zipu, pale ambapo ule mkunjo wa kuziba upepo ulikuwa umejipindua. Mgongo na nyonga zilikuwa na joto kama ziko kitandani. Dada yangu, ambaye mfuko wake ulikuwa umemlaza vizuri usiku uliotangulia, aliamka saa sita na robo akiwa ameshika nyonga. "Mdogo wangu, hili jaribio lako litanimaliza," alisema, na hapo ndipo jaribio kwa upande wake lilipokoma, maana hakuna ushahidi unaostahili kumweka mtu macho usiku kucha kwa baridi. Tulimwaga vitu vyote kutoka kwenye mabegi yetu ya mgongoni, tukayatandika yakiwa matupu chini ya mkeka kuanzia mabegani hadi nyonga, tukaongeza kamba iliyokunjwa mduara chini ya mapaja, naye akalala tena kabla ya saa saba.

Mfuko mmoja uliolaza vizuri na kisha kutolaza, katika baridi inayokaribia kulingana, huku kitu pekee kilichobadilika kikiwa kile kilicho chini yake: mtu hahitaji maabara kuona mkosaji mkuu ni nani. Hata hivyo nilitaka kujua ukubwa wa kosa, na hesabu yenyewe si ngumu. Ngozi ya mtu aliyelala huwa na nyuzijoto 33 hivi. Ardhi chini ya hema letu ilikuwa karibu nyuzijoto 3. Eneo la mwili linaloigusa ardhi mtu akilala chali ni kama sehemu nne za kumi za mita ya mraba. Mkeka wa povu wa milimita 8, kwa jinsi povu la aina hiyo linavyopitisha joto, hutoa ukinzani unaokaribia R 1. Upande wa chini wa mfuko hauongezi mengi, kwa sababu nyuzinyuzi zilizolaliwa husagika na kubaki unene wa kitambaa, na kinachohami joto ndani ya mfuko wowote si nyuzinyuzi zenyewe, ni hewa tulivu iliyonaswa kati yake. Ukiweka haya pamoja, juu ya mkeka wangu mtu alipoteza takriban wati 40 kwenda ardhini, na juu ya godoro la dada yangu takriban wati 14. Mwili wa mtu mzima aliyelala huzalisha wati 70 na kitu. Kwa maneno mengine, mkeka wangu ulikuwa unanyonya zaidi ya nusu ya moto wote niliokuwa nao kabla mfuko haujapata nafasi ya kufanya kazi yake. Hizi ni hesabu za mkono, zenye makadirio ndani yake, na zinaweza kukosea kwa wati kadhaa. Hazikosei kiasi cha kubadilisha jibu.

Hesabu hiyo pia inaeleza zile sahani za chuma. Mtu aliyelala ubavu hukandamiza mkeka kwa uzito wote kupitia nyonga na bega, na povu la milimita 8 likikandamizwa hubaki hata chini ya hapo.

Lakini mfuko haukutoka mahakamani bila doa. Usiku wa pili, juu ya godoro lilelile lililomlaza dada yangu hadi alfajiri, mimi niliamka saa kumi, na baridi ilitoka juu, upande ambao ni wajibu wa mfuko peke yake. Tuliporudi nyumbani niliitandaza mifuko yote miwili sakafuni, nikaikung'uta, nikaiacha siku nzima ijae hewa, kisha nikaweka kipande cha kadibodi nyepesi juu ya kila mmoja na kupima kwa rula. Wa dada yangu ulisimama sentimita 7 kifuani. Wangu ulisimama 5. Uzito ulikuwa bado uleule, hata gramu 10 haikupotea. Nyuzinyuzi zote zilikuwepo ila zilikuwa zimesahau kuumuka.

Niliingiza tochi ndani ya kila mfuko usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Mfuko wa dada ulitoa mwanga uliosambaa sawasawa, wa rangi ya maziwa. Wangu ulitoa mwanga wa mabakabaka: mafundo meusi ambako nyuzinyuzi zilikuwa zimejikusanya, na kati yake, hasa kwenye usawa wa nyonga na magoti, madirisha ambako mwanga ulipenya kama kwenye pazia lililochakaa. Ndiyo sehemu zilezile zilizokuwa zinapoa usiku wa pili. Sijui jambo lolote la kupima mfuko ambalo ni rahisi hivi na linalosema wazi hivi.

Sababu iko katika tabia ya nyenzo. Unyoya laini wa bata, ukitunzwa vizuri, hubanwa na kuachiwa kwa miaka mingi na bado hujifungua, kwa sababu kila kishada chake kina matawi yenye kurudi mahali pake. Uzi wa polyesta hupewa mikunjo kiwandani ili ufanye kazi ya springi ndogo, na kila mara unaposhindiliwa springi hizo hupungukiwa na nguvu; ukiachwa umeshindiliwa miezi na miaka, hasa mahali penye joto, hukubali umbo jipya la bapa. Mifuko yenye uzi mrefu usiokatika, uliotandazwa kama karatasi moja, huvumilia zaidi kuliko ile yenye nyuzinyuzi fupi zilizokatwakatwa, ambazo ni laini zaidi mkononi na hushindilika vizuri lakini huwa rahisi kujikusanya mafundo. Wetu ulikuwa wa aina ya pili. Safari zenyewe haziwezi kulaumiwa sana, kwa kuwa mfuko wa dada yangu ulisafiri mara nyingi sawa na wangu na kushindiliwa kila asubuhi ya safari kama wangu. Kilichoutofautisha ni miezi ya katikati.

Kutoka sentimita 7 hadi 5 ni upungufu wa karibu theluthi ya unene. Si ukinzani wote unaopungua kwa kiasi hicho, maana nguo na hewa inayouzunguka mfuko huchangia sehemu yake, lakini kukadiria upungufu wa sehemu moja ya tano kwa jumla ni haki. Ikiwa mfuko mpya ulimwezesha mtu kuvumilia tofauti ya nyuzijoto 32 kati ya ngozi yake na hewa ya nje, yaani kikomo cha 1, basi mfuko uliochoka kiasi hiki unamudu tofauti ya 25 au 26. Kikomo kimepanda hadi 7.

Ile habari ya koti ndani ya mfuko ina maelezo mafupi. Tabaka la mfuko huhami joto likiwa limejaa. Koti nene ndani ya mfuko mwembamba husukuma tabaka hilo kutoka ndani hadi likakaza kwenye kitambaa cha nje, na unachoongeza kwa mkono mmoja unakiondoa kwa mwingine. Ndani ya mfuko mpana koti lingesaidia. Katika huu wa gramu 910, uliokatwa mwembamba ili uwe mwepesi, mahali pake ni juu.

Usiku wa tatu ulikusudiwa kuwa wa kubadilishana mifuko. Badala yake ukungu ulishuka alasiri, ukafuatwa na manyunyu yaliyoendelea hadi usiku wa manane, na nje kipimajoto hakikuenda chini ya nyuzijoto 3. Jaribio la kulinganisha liliharibika. Hata hivyo usiku huo ndio ulionipa sababu ya kutoitupa kabisa mifuko ya aina hii, nami nisingependa kuupita haraka.

Kuta za hema ziliota matone kwa ndani, na kwa kuwa mimi ni mrefu, upande wa miguuni wa mfuko wangu uligusa ukuta usiku kucha. Nilirudia mkeka wangu wa povu, kama haki ilivyotaka, nikiwa na mabegi matupu na kamba chini yake, na kabla ya kulala nilijaza chupa ya lita 1 maji ya moto, nikaifunga vizuri, nikaivika soksi na kuiweka katikati ya mapaja. Maji hayo, yakipoa kutoka nyuzijoto 80 hadi joto la ngozi, hutoa nishati inayolingana na wati 13 kwa saa nne, ambayo ni nusu ya zile wati 26 nilizokuwa nakosa kwa kutobeba godoro la maana. Nililala hadi kulipokucha.

Asubuhi mfuko wangu ulisoma gramu 1,080 kwenye mizani. Gramu 170 za maji! Nyingi zilikuwa miguuni, ambako niliweza kukamua kitambaa na kuona tone likidondoka, na nyingine zilitoka mwilini mwangu, maana mtu hutoa jasho asilolihisi usiku kucha na mvuke wake hukutana na ubaridi karibu na kitambaa cha nje na kugeuka maji. Mfuko wa manyoya wenye maji ya kiasi hicho miguuni ungekuwa umejikunja kuwa vidonge na kuacha nafasi tupu kati yake. Huu wa polyesta, pamoja na uzee wake, ulikuwa na unene uleule wa jana. Polyesta hainywi maji. Kwa uzito wake hufyonza chini ya asilimia 1 ya unyevu wa hewa, kwa hiyo maji hukaa kati ya nyuzinyuzi bila kuzilainisha. Sifa hiyo ndiyo iliyotafutwa kwa makusudi katika miaka ya 1980, jeshi la Marekani lilipohitaji mbadala wa manyoya usioharibika kwa maji na nyuzinyuzi zinazouzwa kwa jina la PrimaLoft zikabuniwa.

Hapa lazima niweke breki, kwa sababu usemi kwamba mfuko wa polyesta hupasha joto hata ukilowa hutiwa chumvi sana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na gramu 170 zikikaushwa na mwili wa aliyelala humgharimu nishati yote anayozalisha kwa muda wa saa moja na nusu. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa baridi asubuhi ile, hilo sitalificha. Kama usiku huo ungekuwa na nyuzijoto 4 chini ya sifuri badala ya 3 juu yake, maelezo haya yangekuwa na sura nyingine. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba mfuko uliolowa ulipoteza sehemu ya uwezo wake na kubakiza sehemu, na kwamba tuliuanika juu ya kichaka penye upepo bila jua, na baada ya saa mbili mizani ilisoma gramu 920.

Nikilazimishwa kugawa lawama ya usiku wa kwanza kwa mafungu kumi, naupa mkeka matano, nafsi yangu matatu kwa jinsi nilivyouhifadhi mfuko, koti lililobana moja, na lile lililobaki namba iliyochapwa nje ya kifuko. Dada yangu anadai fungu la kifuko nalo ni langu, kwa kuwa lebo ya ndani haikufichwa. Ni kisa kimoja, miili miwili na usiku tatu, na mtu mwenye mwili unaozalisha joto zaidi angegawa tofauti kidogo. Sidhani kama angeutoa mkeka kwenye nafasi ya kwanza.

Jambo linaloniuma zaidi ni hesabu ya uzito, kwa sababu wepesi ndio ulikuwa hoja yangu yote. Mfuko wa gramu 910 na mkeka wa gramu 150 ni gramu 1,060. Godoro la dada yangu lina gramu 480, kwa hiyo kifurushi chake ni gramu 1,390. Kwa gramu 330 za ziada, sawa na kijichupa cha maji, yeye alilala na mimi nikatetemeka. Kama ningezitumia gramu hizo 330 kununua mfuko mzito zaidi badala ya godoro, nyuzinyuzi za ziada chini ya mgongo zingesagika kama zile za kwanza na sehemu kubwa ya gharama ingekwenda bure. Ni kweli kwamba mfuko wa manyoya wenye uzito huohuo wa gramu 910 ungenifikisha chini ya sifuri kwa raha, ukibaki mkavu, na kwa safari za baridi kavu sina tena hoja ya kuukataa. Kwa milima yenye ukungu na hema dogo linalotoa matone ningali nachagua polyesta, na baridi ikizidi naongeza mfuko mwepesi wa polyesta juu ya ule wa manyoya kama shuka la nje, ili mvuke wa mwili ugeuke maji katika tabaka lisiloogopa maji.

Mfuko wangu sasa umetundikwa kabatini kando ya ule wa dada, umefunguliwa zipu hadi chini. Unene haukurudi, niliupima tena baada ya miezi miwili ya kuning'inia na ulikuwa sentimita 5 na milimita 2. Kile kifuko cha kushindilia hubebea soksi. Kwenye lebo ya ndani nimeikata ile 1 ya kikomo kwa wino usiofutika, na pembeni yake nimeandika 7, na chini yake, kwa herufi ndogo kama za mtengenezaji: juu ya godoro la sentimita 7.